Pete Iliyopotea Kweli

Hebu niambie wewe unayesoma: umewahi kulia kilio cha kweli mbele za watu, wakakupigia makofi?

Mshonaji aliyeketi mbele ya meza ya Sajini Taratibu yalikuwa yamempata hayo, tena mchana kweupe, mlangoni mwa duka la vitambaa. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake wa njano akiuzungusha kidoleni, kile kidole cha pete ambacho sasa hakikuwa na pete, kimebaki na alama nyeupe kama mahali palipobanduliwa plasta. Pembeni yake, lakini kiti kimesogezwa mbali kidogo, alikaa mumewe, fundi televisheni, mikono kaifumbata kifuani kama anayelinda mlango.

Sajini aliitwa Taratibu kwa jinsi alivyokunywa chai. Alikuwa akiinywa kidogo kidogo, kama mtu anayeionja kwa niaba ya mwingine, na maswali yake aliyauliza vivyo hivyo. Wenzake kituoni walipoisikia kesi hii walicheka mpaka wakashika mbavu. Pete kuibwa na mfanya mazingaombwe wa televisheni! Wakamsukumia yeye. Kesi ya kuvunjwa ghala, aliyoitamani tangu asubuhi, akapewa mwenzake wa meza ya pili, ambaye sasa alikuwa akipita kila dakika na makabrasha yake kwapani ili aonekane.

"Anza mwanzo, mama," Sajini alimwambia mshonaji. "Polepole."

"Nilikwenda kununua uzi, Afande. Nimesimama mlangoni pa duka, namngoja mwenye duka amalize na mteja. Mara naona gari, kamera, watu wanakimbia, na Profesa Kufumba mwenyewe, yule wa kipindi cha *Kufumba na Kufumbua*, ananijia huku anacheka. Akanishika mkono. Akaniambia, mrembo, niazime pete yako. Nikampa. Ungekuwa wewe usingempa? Nchi nzima inamjua. Akaifunika kwa kitambaa, akapuliza, pete haipo. Nikacheka, nikangoja airudishe. Akasema..." Akamtazama mumewe.

"Sema tu," mumewe alimwambia. "Mbona nchi nzima imesikia?"

"Akasema, pete imerudi kwa aliyekupenda kwanza."

"Umesikia hilo, Afande? Aliyekupenda kwanza!"

"Nikamwambia naomba pete yangu. Wakacheka. Nikalia. Wakapiga makofi, mmoja akaninyanyulia kidole gumba, wakapanda gari wakaondoka. Nikalikimbilia lile gari mpaka kiatu kikanivuka."

"Na hapo ndipo watu walipocheka zaidi," fundi alidakia. Alisogeza kiti mbele. "Afande, mimi ni fundi televisheni. Naijua televisheni mpaka matumbo yake. Siku kipindi kinaonyeshwa, dukani kwangu wateja wamejaa, na televisheni zote nilizokwisha kuzitengeneza zinawaka ili nizijaribu. Kwenye kila kioo, mkono wa mke wangu umo katika mkono wa yule bwana. Nikigeuka huku, anashikwa. Nikigeuka kule, anashikwa. Mteja mmoja ananiambia, fundi, kumbe shemeji yetu nyota! Mwingine ananiuliza huyo aliyempenda kwanza ni nani, maana bila shaka si wewe!"

Mwenzake Sajini wa meza ya pili alikohoa kuficha kicheko.

"Wale watu wa kipindi kile wote ni wa kupangwa," fundi aliendelea. "Hata mtoto mdogo anajua. Basi kama wote ni wa kupangwa, huyu wangu alipangwa na nani? Wapi? Tangu lini? Alimjua yule bwana vipi? Anasema alikwenda kununua uzi. Uzi!"

"Na uzi nilirudi nao, baba watoto. Uliuona."

"Niliuona. Pete sikuiona."

Sajini akaona hapa hapana pete tu. Akauliza kinachofuata, na akajibiwa. Mshonaji alikuwa amehamia kwa dada yake pamoja na watoto. Fundi alikuwa amekata kauli: akija na pete, arudi nyumbani, asipokuja nayo, Jumapili wazee wa pande mbili wakutane, na kila mtu alijua wazee wakikutana hukutana kwa kuvunja nini.

"Pete yenyewe ikoje?"

"Nyembamba, ya dhahabu," mshonaji alisema. "Nilipokuwa na mimba ya kwanza vidole vilivimba, ikabidi ikatwe. Sonara akaongeza kipande kidogo kuipanua, lakini dhahabu yake ilikuwa nyekundu kidogo. Kwa hiyo ina kiraka. Mimi huwa naikagua kwa kidole gumba, hivi, nikikaa cherehani."

"Na mlangoni pale, baada ya gari kuondoka, ulimwona nani?"

Mshonaji alifikiri. "Alikuja msichana mmoja mbiombio. Naye amevaa mtandio wa njano kama huu wangu. Akanitazama juu mpaka chini kama nimemlia chakula chake. Halafu akainama akatazama chini, akaondoka."

Sajini aliweka kikombe mezani. "Akainama?"

*

Mwenye duka la vitambaa alimjua yule msichana: alikuwa akifanya kazi saluni, mtaa wa nyuma. Sajini alimkuta anamsuka mteja, chanuo kaling'ata menoni. Aliposikia neno pete alilitoa chanuo mdomoni, akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mimi niibe pete? Afande, mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Uliibiwa nini?"

"Nafasi yangu! Mimi ndiye niliyetakiwa pale." Akamgeuza mteja kichwa ili apate kuzungumza vizuri. "Walinipigia simu: vaa mtandio wa njano, simama mlangoni pa duka la vitambaa, utaikuta pete ya shaba pembeni mwa kizingiti uivae, Profesa atakuja ataichukua, wewe lia. Nikajizoeza kulia mbele ya kioo hiki hiki. Uliza hapa kama hawakunisikia."

"Alilia," mteja alithibitisha, shingo imepinda. "Mpaka mimi nikalia naye."

"Siku yenyewe nikachelewa kidogo. Nafika, gari inaondoka, na yule mama anaikimbilia, mtandio wangu kichwani."

"Mtandio wako?"

"Wa rangi yangu, basi. Nikaona wamenibadilisha. Nikapiga simu kuomba radhi kwa kuchelewa. Unajua waliniambiaje? Acha utani dada, leo umelia mpaka tumesisimka. Walidhani ni mimi! Nikanyamaza. Ningesemaje? Sifa ni sifa." Akakaza msuko, mteja akaguna. "Lakini nilipomwona kwenye televisheni roho iliniuma. Analia ovyo, pua inamtiririka, hajui hata kamera iko wapi. Halafu watu wanasema huyo ndiye bora wa mwaka! Mimi ningelia jicho moja, chozi moja, linashuka polepole."

"Kwa nini hawakukujua kwa sura?"

"Hawatuoni kabla. Kila wiki sura mpya, watazamaji wasije wakazizoea. Mtandio ndio alama."

"Uliinama ukatafuta nini?"

"Ile pete ya shaba. Nilidhani bado ipo, niichukue niwe na ushahidi kwamba nilifika, lakini nadhani watoto waliiokota." Akamtazama Sajini usoni kwa mara ya kwanza. "Kwani yule mama hakuwa amepangwa? Alilia kweli?"

"Kweli."

Msichana akasuka mistari miwili. "Basi sawa," alisema mwishowe, kama aliyesamehe kitu. "Kumbe hakunishinda."

Sajini alitoka saluni anatembea kwa mwendo wake. Sasa jambo moja lilikuwa limekaa sawa: Kufumba na watu wake hawakujua kuwa wameichukua pete ya mtu. Kwao ilikuwa shaba yao, na shaba yao hurudi kwao. Kilichobaki kujulikana ni inaporudi huwekwa wapi.

*

Huwekwa katika kopo la biskuti. Profesa Kufumba mwenyewe alilileta, akalimimina juu ya meza katika chumba cha kuhariri picha, pete zikamwagika kama punje za mahindi. Alikuwa mtu mzuri wa sura, shati limenyooka, sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Lakini Sajini aliona kucha zake. Alikuwa amezitafuna mpaka nyama.

"Afande, tafuta mwenyewe. Kama dhahabu imo, ichukue, na mimi nitamwomba yule mama radhi. Sikujua. Naapa sikujua."

Sajini aliokota pete moja moja, akaitazama, akainusa, akaiweka kando. Shaba, shaba, shaba. Vidole vyake vikaanza kunuka kama bomba la maji. Dhahabu haikuwamo.

"Nionyeshe kipindi."

Mhariri akakiweka. Sajini alikitazama mpaka mwisho, akaomba kirudiwe. Mara ya tatu alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo.

"Simamisha hapo. Rudi nyuma. Hapo."

Kwenye kioo ilikuwa picha ya karibu: mikono tu, hakuna uso. Pete ilikuwa ikitembea juu ya vidole, inazama kati ya kidole na kidole na kuibuka upande wa pili, laini kama samaki ndani ya maji. Na ilipogeuka, mahali pamoja, kidogo tu, dhahabu ilikuwa nyekundu.

"Kiraka," Sajini alisema. "Hii ndiyo pete yake. Picha hii ilipigwa mtaani?"

Mhariri akamtazama Profesa. Profesa akatazama kopo.

"Mtaani," Profesa alisema.

"Mtaani jua lilikuwa linampiga yule mama usoni mpaka anakunja jicho. Hapa hakuna jua. Na mtaani wewe uliipokea kwa mkono wa kulia. Hapa pete inachezwa kwa mkono wa kushoto." Akanywa maji kidogo. "Na dole gumba hili lina ukucha ulioachwa ukue upande mmoja. Naomba mikono yako, Profesa."

Hakuitoa. Sajini akapapasa mfuko wa sare yake, akatoa kifungo cha akiba, akakisukuma mezani.

"Basi nitembezee hiki. Hivyo hivyo kama kwenye picha."

Profesa alicheka, akakichukua, akakipandisha juu ya kidole cha kwanza. Kikapita. Kwenye cha pili kikayumba, kikaanguka, kikaviringika mpaka chini ya kiti cha mhariri. Mhariri akainama kukitafuta na akakawia sana huko chini.

"Ni mikono ya mwalimu wangu," Profesa alisema, sauti ya kubembeleza imemtoka. "Mzee Viganja. Anakuja jioni kwa mlango wa nyuma, anapiga picha za mikono, anakwenda zake."

"Wanamtaja mwisho wa kipindi?"

"Mkono hauna jina, Afande."

"Nimeuliza tu."

"Hapana. Hatajwi." Akaanza kutafuna ukucha, akajizuia. "Usinitazame hivyo. Nilikaa miguuni pake tangu kijana. Sarafu zinamtii kama kuku wake wa nyumbani. Mimi vidole havikunisikia hata siku moja. Unajua ilivyo kukaa karibu na mtu wa namna ile? Nilikuwa namchukia anapolala, kwa sababu hata usingizini vidole vyake vinacheza. Mimi nimepewa mdomo tu. Basi nikautumia."

"Kwa kuwapanga watu walie."

"Kwa kuwachekesha! Yeye alikuwa akifanya mazingaombwe kwenye kumbi zenye viti vitupu. Mimi nimeyaingiza sebuleni kwa kila mtu. Watoto siku hizi wanafichana sarafu shuleni. Wamejifunza kwa nani, kwake? Watu husema nimeyaua mazingaombwe. Yalikuwa mahututi nilipoyakuta!"

"Mimi sichunguzi kifo cha mazingaombwe," Sajini alisema akiinuka. "Nachunguza pete. Nipe kifungo changu."

*

Mzee Viganja alikuwa akiishi chumba kimoja, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Kitanda kilitandikwa bila mkunjo hata mmoja. Palikuwa na kioo chenye mabawa matatu, meza iliyofunikwa kitambaa laini cha kijani, karata ambazo pembe zake zilikuwa zimelainika kama vitambaa vya zamani, na televisheni iliyofunikwa shuka kama maiti. Dirishani kulikuwa na pazia la maua, limevutwa nusu kwa ajili ya jua.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo. Chai utakunywa?"

"Nitakunywa, Mzee."

Aliipika mwenyewe kwenye jiko dogo, na Sajini alimtazama mikono. Kijiko kilipita toka mkono huu kwenda huu bila kuonekana kikipita.

"Mwanafunzi wako ananiambia wewe ndiye mikono yake," Sajini alisema.

Mzee akakoroga chai kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Amesema? Kwa mdomo wake?"

"Kwa shida."

"Hiyo ni mara ya kwanza." Akaketi. "Ulimwona akinitaja, uso wake ulikuwaje?"

"Kama mtu aliyeng'olewa jino."

Mzee akatabasamu, na tabasamu halikukaa. "Anapita barabarani watu wanamshika nguo. Mimi nasimama kando ya watu hao hao nanunua mkate. Juzi mama mmoja mbele yangu anasema, jamani mikono ya Profesa imebarikiwa. Nami mkono huu huu nampokea chenji. Nilitaka kumpiga kibao ili ajue umebarikiwa kiasi gani."

Sajini akacheka. Mzee hakucheka.

"Lakini hilo si baya sana. Nilialikwa shule moja, kuwafurahisha watoto. Nikamwita kijana mdogo wa mbele, nikatoa sarafu nyuma ya sikio lake. Hawakupiga makofi. Mmoja akauliza, babu, umekata picha wapi? Mwingine akasema, huyo amepangwa. Yule mdogo anaapa, sikupangwa, sikupangwa jamani, nao wanamzomea, muongo, muongo. Akalia. Siku nyingine walipoona anapita wakamwita Sarafu." Akaishika karata moja, akaiacha. "Kazi yetu ina uongo mmoja, mwanangu, na mtazamaji anaujua tangu mlangoni: nitamdanganya macho. Lakini yule ninayemtoa kwenye viti anipe saa yake, huyo ni shahidi. Huyo lazima awe mkweli. Nyinyi polisi mnajua. Ukimnunua shahidi, kesi nzima imeoza. Na kijana wangu amewanunua mashahidi wote, hata wale ambao hajakutana nao bado."

"Maneno mazuri," Sajini alisema. "Na pete?"

"Pete gani?"

"Ya dhahabu, ina kiraka. Ilikuwa kwenye kopo pamoja na za shaba. Mimi leo nimeshika zile za shaba, mikono bado inanuka. Mimi si fundi, nimejua. Wewe uliichezesha mbele ya kamera, hukujua?"

Mzee akanywa chai.

Sajini naye akanywa. Hakuharakisha. Alitazama kitanda, kioo, karata, shuka la televisheni. Akatazama pazia. Lilikuwa limetundikwa kwenye kamba kwa vipete vya shaba vilivyofifia, vyote sawasawa. Mahali pamoja tu kitambaa kilijikunja vibaya.

"Jua linanipiga, Mzee. Naomba univutie pazia lote."

Mkono wa Mzee, ule wa kushoto, ukatulia juu ya meza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Sajini aingie kuuona hauna kazi.

"Litakwama," Mzee alisema.

"Litakwamia wapi?"

Akainuka, akalivuta. Lilikwenda, lilikwenda, likakwama kwenye pete ya nane au ya tisa kutoka ukutani, iliyokuwa ndogo kuliko nyingine na haikutaka kuteleza kwenye kamba. Mzee akaifungua kamba kwenye msumari bila kuambiwa, akaitoa, akaiweka katikati ya kitambaa cha kijani.

"Jicho lako lingenifaa jukwaani," alisema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Nilidhani ni yake. Nilidhani kachukua pete ya mkewe aichezee, ameitupa koponi humo kwa kiburi, dhahabu pamoja na shaba, hajui tofauti. Kijiba cha roho kikanishika. Nikasema acha safari moja kitu kimpotee kweli. Aje hapa, aniambie, mwalimu, umeniona pete? Nami nimwambie, nitaje mbele za watu nitaitoa. Nikangoja. Hakuja. Hata kujua hakujua! Namuibia mtu, na mwizi ninasahaulika!"

"Na yule mama aliyelia?"

"Yule wa mtandio?" Mzee akapungia televisheni mkono. "Nilimwona. Nikasema siku hizi hata kulia hawajui, makamasi tu na kukimbilia magari."

"Yule hakupangwa, Mzee. Alikwenda kununua uzi. Pete ni yake."

Mzee hakuelewa mara moja. Sajini alimwona akiirudia ile picha kichwani: kilio, makofi, gari, kiatu kikivuka. Kisha akamweleza mengine taratibu, duka la fundi na vioo vyote vikiwaka, watoto kwa mama yao mkubwa, wazee wa pande mbili, Jumapili.

"Nami nilimcheka," Mzee Viganja alisema. Akaketi kitandani, mkunjo wa kwanza ukaingia kwenye shuka. "Mimi. Kama wale watoto."

"Utaandika maelezo kituoni, na mkubwa wangu ataamua la kufanya. Lakini kwanza tunapita kwa fundi. Utasema kwa mdomo wako."

Mzee akavaa koti. Mlangoni akasimama. "Ataniamini?"

"Sijui," Sajini alisema. "Wewe ndiye mjuzi wa watazamaji."

*

Duka la fundi lilikuwa na televisheni mpaka darini, nyingine zimefunuliwa migongo, nyaya nje. Siku hiyo hakuwasha hata moja. Mshonaji alikuwa amekwisha kufika kwa simu ya Sajini. Alisimama karibu na mlango, kama mteja asiye na uhakika kama kilichotengenezwa ni chake.

Mzee Viganja alisema yote. Hakujitetea. Alisema pale palipokuwa pa aibu polepole zaidi kuliko pengine, na Sajini akampenda kwa hilo.

Fundi alisikiliza mikono kifuani. Akamgeukia Sajini. "Na huyu mzee? Mmempanga nyinyi au wamempanga wao?"

"Baba watoto!" mshonaji alisema.

"Si nauliza? Mzee mwenye mvi, koti safi, anakuja kusema maneno mazuri. Mbona yanafanana na kipindi?"

Mzee Viganja akaitoa pete mfukoni. Aliikunja mikono ya koti, moja, halafu nyingine, mpaka viwiko vikaonekana. Akaiweka pete juu ya mkono wa kushoto, akamsogelea fundi mpaka wakawa wanapumuliana, hakuna kioo kati yao, hakuna kamera. Pete ikatembea. Ikazama, ikaibuka, kiraka kikaonekana, kikapotea. Fundi aliitazama kama anavyotazama saketi, akitafuta mahali ilipokatwa. Akamshika Mzee kifundo cha mkono, akakigeuza, akakagua kwapani mwa koti. Pete haikuwamo. Mzee akafungua kiganja cha kulia, ikawa imo.

"Mikono ndiyo ile," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Ule ukucha. Niliuona kwenye vioo vyote." Akaichukua pete, akaisugua kwa kidole gumba mpaka akakipata kiraka. Mabega yakamshuka. "Na pete ndiyo hii. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa sonara."

Akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, akazunguka meza.

"Mama watoto, basi yamekwisha. Ukweli umeonekana. Lete mkono."

Mshonaji hakuleta mkono. Aliufunga, na akauweka chini ya mtandio wa njano.

"Vaa, mke wangu. Si pete yako? Ulitaka nini tena?"

Mzee Viganja akatazama sakafu. Sajini akasogea akatazama barabarani, lakini masikio yalibaki ndani.

"Siku ile nilirudi kiatu kimoja mkononi," mshonaji alisema. "Nimelia njia nzima. Mtaani walicheka, kituoni walicheka, hata huyu mzee amesema alicheka. Nasema si kitu, hao hawanijui. Lakini nilifika nyumbani kwa mtu anayenijua." Akafuta pua kwa mtandio, ovyo, bila kujali nani anamtazama. "Leo umemwamini mzee usiyemjua, umeiamini pete. Mimi sikutaka pete, baba watoto. Nilitaka uniamini siku ile, kidole kikiwa kitupu."